Jina Letu Juu ya Kopo la Italia

Mwezi uliopita walifika ofisini kwetu wazee watatu na mama mmoja, nao ni halmashauri ya chama cha wakulima wa nyanya wa upande wa magharibi wa Nairobi. Chama chao kina wanachama 120, kina duka dogo karibu na Dagoretti Corner, na kina akiba ya hisa iliyokusanywa kwa taabu. Walitaka shauri. Kijana wa mwanachama mmoja anayefanya kazi Ulaya amewaandikia kwamba viwanda vya Italia vyaweza kuwafungia nyanya katika makopo, na juu ya kopo likaandikwa jina la chama chao. Je, fedha za hisa zitumike kwa jambo hilo?

Usicheke, msomaji, ukisema wakulima wa nyanya wataka kununua nyanya. Walikuwa na hoja yao. Wakati wa mavuno nyanya hufurika katika soko la Marikiti mpaka nyingine zikatupwa, na wakati wa mvua kubwa au wa ukame hazionekani. Hapo ndipo mteja wao huenda kununua kopo penginepo. "Mwalimu," akaniambia Mzee Mwenyekiti (maana nilisomea ualimu kabla sijawa karani, nao hawajalisahau), "mteja akishazoea kopo lenye jina la mwingine, kumrudisha ni kazi."

Sikutaka kuwajibu kwa maneno matupu. Siku ya pili yake Mama Mweka Hazina na mimi tulikutana Marikiti kabla ya jua kupanda, tukauliza bei ya kreti, kisha tukapanda matatu ya Barabara ya Ngong kwenda kuangalia makopo katika maduka makubwa ya Karen. Ni huko Karen, katika jengo la The Hub, Carrefour ilipofungua duka lake la kwanza katika Kenya mwaka 2016. Jina hilo ni la Kifaransa, lakini walioleta duka huku ni kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, iliyopewa ruhusa ya kulitumia. Katika maduka ya namna hiyo utaona mali nyingi zenye jina la duka lenyewe: unga, tambi, sabuni, jibini, nyanya. Wala duka halina shamba, halina tanuri, halina hata sufuria. Limeagiza kwa kiwanda, na kiwanda kimetengeneza kwa mkataba na kukubali kukaa kimya.

Nilimwonyesha Mama jinsi ya kusoma kopo, nawe pia yafaa ujue. Kwanza ile mistari myeusi isomwayo na mashine. Watu wengi hudhani namba zake zaonyesha mali ilikotengenezwa. Sivyo. Namba za kwanza zaonyesha nchi ambayo mwenye jina ameandikisha namba zake: 616 ni Kenya, 300 hadi 379 ni Ufaransa, 800 hadi 839 ni Italia. Kopo moja tulilolishika lilikuwa na namba iliyoanza kwa 3, na chini kwa herufi ndogo sana likasema nyanya zimefungwa Italia. Yaani mwenye jina yuko nchi moja, mwenye sufuria nchi nyingine, na mlaji yuko Karen. Tena, katika vitu vya maziwa na nyama kutoka Jumuiya ya Ulaya kuna alama ya umbo la yai, na ndani yake herufi za nchi, kama IT au FR, pamoja na namba ya kiwanda. Ukiijua alama hiyo waweza kumtafuta mtengenezaji halisi hata kama jina lake halikuandikwa. Kwa nyanya alama hiyo haipo, nasi tulibaki tukiangalia.

Kazi hii ya kutengeneza kwa jina la mwingine si ngeni kwetu. Mishiri ya wakulima wetu imefungwa hapa Nairobi katika vipaketi vyenye majina ya maduka ya Uingereza, hata bei ya paundi ikabandikwa hapa hapa kabla ya kupanda ndege. Mama alishangaa niliposema hayo, naye alipanda mishiri miaka sita asijue yaliendaje.

Sasa turudi Italia. Nchi ile yalima nyanya za viwanda kwa wingi wa ajabu: katika mwaka 2023 na 2024 viwanda vyake vilipokea zaidi ya tani milioni 5 kila mwaka. Kampuni ya La Doria, iliyoanza mwaka 1954 katika mji wa Angri karibu na Salerno, ni moja ya zile zilizokuwa kubwa kwa kufunga nyanya na maharagwe kwa majina ya maduka ya nchi nyingine. Wanunuzi na wenye viwanda wa namna hii huonana katika maonyesho, Bologna mwezi wa Januari na Amsterdam mwezi wa Mei.

Nyanya zao huvunwa kuanzia mwisho wa Julai mpaka Septemba, na katika majuma hayo viwanda hufanya kazi usiku na mchana. Makopo mengi huwekwa ghalani yakiwa matupu usoni, bila karatasi yo yote. Agizo likija hubandikwa jina la aliyeagiza. Nyanya za shamba moja, zilizopikwa siku moja, zaweza kuvaa majina matano na kuuzwa kwa bei tano. Nilipomweleza Mama habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tunanunua karatasi." Sijasikia mtu aliyesema vizuri zaidi.

Basi hesabu. Kiwanda hakitaki kuuza katoni kumi, hutaka angalau kontena. Kontena la futi 20 huchukua makopo ya gramu 400 yapatayo 40,000 na zaidi. Duka la chama, kwa maelezo ya Mama mwenyewe, laweza kuuza makopo 30 kwa siku, na hiyo ni siku njema. Gawanya 40,000 kwa 30: utapata siku 1,333, nazo ni miaka mitatu na miezi kama minane. Kopo la nyanya kwa kawaida hupewa muda wa miaka miwili au mitatu tangu kufungwa. Maana yake, hata kama hakuna kopo litakaloibwa wala kubonyea, wangebaki na maelfu ya makopo yasiyoruhusiwa kuuzwa. Ili yamalizike kwa mwaka mmoja ingewapasa wauze 110 kila siku, na kwa hiyo wapate maduka mengine ya kuyachukua. Hilo si jambo la Italia tena, ni jambo la Dagoretti, Kawangware na Kangemi.

Kisha gharama za njiani. Bei atakayokutajia mwenye kiwanda yaweza kuwa ya mlangoni pake, au ya bandarini kwake, au ya kufika Mombasa. Ni bei tatu mbali mbali, na mwenye haraka huzichanganya. Juu yake kuna bima, ushuru wa forodha, ada za kuagiza, kodi ya VAT ya asilimia 16, wakala wa forodha, na treni au lori mpaka Nairobi. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Ngazi hiyo ya 35 iliongezwa mwaka 2022 ili kulinda mali zitengenezwazo huku. Mzee mmoja alisema amesikia kwamba mali ya Ulaya sasa haitozwi. Amesikia nusu. Mapatano ya Kenya na Jumuiya ya Ulaya yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 18 Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Mali yetu huingia kwao bila ushuru, lakini mali yao hufunguliwa mlango kwetu pole pole, kwa muda unaofika miaka 25, na baadhi ya mazao hayamo kabisa. Usiweke hesabu kwa uvumi. Mwulize wakala, akuandikie.

Tena mali haina budi kukaguliwa huko huko kabla ya kupakiwa, na kupewa cheti cha kutimiza masharti ya KEBS. Utaratibu huo ulianza mwaka 2005. Karatasi ya kopo lazima isomeke kwa Kiingereza au Kiswahili na itaje nchi ilikotoka, maana kopo lenye Kiitaliano peke yake litakuletea mashaka Mombasa, na kila siku kontena linapolala bandarini ni fedha. Hata safari yenyewe si ya kuaminika: tangu mwisho wa mwaka 2023 meli nyingi ziliikwepa Bahari ya Shamu kwa kuogopa mashambulio, na meli inayotoka Italia ikizunguka Afrika nzima ili kufika Mombasa, majuma huongezeka.

Hapa nikiri kosa langu, maana wazee waliniuliza kama nimewahi kuagiza cho chote. Ndiyo. Mwaka 2019 mimi na rafiki wanne tuliagiza vifuniko 20,000 vya mitungi ya asali kutoka kiwanda kimoja cha Ulaya. Tulitaka viandikwe ASALI SAFI. Kiwanda kilituletea picha ya mfano kwa simu, tukaitazama tukiwa katika matatu, tukajibu "sawa". Vifuniko vilifika vizuri, rangi ya kupendeza, vimeandikwa ASILI SAFI. Tulipolalamika tulirudishiwa picha ile ile pamoja na neno letu "sawa". Picha ilikuwa na kosa tangu mwanzo, nasi tulilipitisha. Tulikwisha lipa theluthi kabla, na baki tuliilipa tulipoonyeshwa nakala ya hati ya meli, kwa hiyo hatukuwa na fedha ya kuzuia. Vingine viko nyumbani kwangu hata leo, na watoto wavichezea. Basi nakuambia: mfano uletwe mkononi, usomwe na watu wawili wasioujua, utiwe sahihi, na mmoja ubaki kwako. Na mkataba useme ni nani mwenye picha na vibao vya kuchapia, usije ukahamia kiwanda kingine ukaambiwa jina lako limebaki nyuma.

Juu ya jina, wengi hulisahau hata fedha zikisha kwenda. Jina huandikishwa hapa kwa KIPI, kwa daraja ya mali. Nyanya zilizohifadhiwa zimo katika daraja ya 29. Hudumu miaka 10, kisha hutengenezwa upya. Lakini kuandikishwa Kenya hakukulindi Italia. Na mtu mwingine akiliandikisha hapa kabla yako, kontena lako litafika na jina la mwenyewe. Hata hivyo jina peke yake halilishi mtu. Nakumatt ilikuwa na mali zake za Blue Label, zilizojulikana katikati ya mji na pembeni. Duka lile liliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura livunjwe, huku wengi waliolipelekea mali wakiwa hawajalipwa. Mwenye kutengeneza kwa jina la mwingine hubaki na mashine zake, lakini hana mteja hata mmoja anayemjua.

Jambo lililowashika wazee zaidi halikuwa kopo. Nilipowaeleza jinsi mkulima wa Italia anavyouza, waliacha chai ipoe. Kule, vyama vya wakulima na wenye viwanda hukaa pamoja na kupatana bei ya tani kwa msimu ujao, na bei hupanda au kushuka kwa kadiri ya uzito na utamu wa maji ya nyanya, unaopimwa kiwandani. Mwaka 2023 wakulima wa kaskazini walipatana euro 150 kwa tani, yaani kama shilingi 22 au 23 kwa kilo kwa kima cha fedha cha mwaka ule. Si bei ya kumtajirisha mtu, nao huvuna kwa mashine katika mashamba makubwa. Lakini mkulima aijua kabla nyanya hazijaiva, na siku ya mafuriko ya nyanya lori lake lina mahali pa kwenda. "Hiyo ndiyo tuagize," akasema mzee mdogo wao, na wote wakacheka, ila mwenyekiti.

Walijadiliana majuma mawili. Vijana wa chama walitaka kontena, na nasikia maneno yalikuwa makali. Mwisho walikata hivi: fedha za hisa zisiende Italia mwaka huu. Sehemu ndogo italipia kuandikisha jina. Sehemu nyingine itapelekwa kwa kiwanda kidogo cha hapa Nairobi, kiwasagie na kuwafungia mitungi 2,000 kwa nyanya zao za Rio Grande na Cal J za mavuno yajayo, kwa mkataba wenye bei na tarehe, na mfano utasomwa na Mama Mweka Hazina pamoja na mjukuu wake wa darasa la saba. Mitungi hiyo ikiisha dukani kwa miezi mitatu, habari ya kontena italetwa tena mkutanoni. Isipoisha, haitaletwa.

Ombi la jina limekwisha pelekwa. Likitangazwa, watu hupewa siku 60 za kulipinga, ndiyo sababu wazee wameniomba nisilitaje hapa.