Uvimbe wa shingo: upimwe kabla ya kuogopwa



Kuna mama anayefunga kitambaa shingoni mwaka mzima ili majirani wasione uvimbe. Kuna baba anayeuza mbuzi wake kwa kuwa ameambiwa ni kansa. Wote wawili wanaogopa kitu ambacho hakijapimwa.

Chini ya koromeo kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Ikikosa iodi, huvimba na kuota vinundu. Katika nchi yetu, Uele na kisiwa cha Idjwi zilijulikana zamani kwa ugonjwa huu wa rovu. Iodi ilikuwa kidogo, na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huizuia tezi kuitumia.

Vinundu vingi, karibu 9 katika 10 au zaidi, si kansa. Kazi ni kukitambua kile kibaya, na vidole peke yake havitoshi.

Mashine ya ekografi hutuma sauti isiyosikika. Ikirudi, inachora picha. Haiumi wala haina mionzi, hata mwenye mimba hupimwa. Daktari hutazama mambo 5: kama ndani ni maji au nyama, weusi wake, umbo, kingo, na chembe nyeupe.

Kifuko cha maji, au kinundu chenye matundu kama sponji, huwa cha amani. Kinundu cha nyama, cheusi, chenye kimo kuliko upana, kingo zisizo sawa na chembe ndogo nyeupe, kinatiliwa shaka.

Lakini picha haikati shauri. Mchimbaji hasemi "dhahabu" kabla ya kupima mchanga. Vivyo hivyo, kinundu chenye shaka huchomwa sindano nyembamba, na kilichotolewa hutazamwa kwa darubini. Kile cha amani, kisipobana koo, kwa kawaida hakihitaji kisu. Hupimwa tena baadaye.

Fika dispensari upesi ukiona haya:
- uvimbe unakua haraka au ni mgumu kama jiwe;
- sauti imekauka bila kupona;
- kumeza au kupumua ni shida;
- matezi yameota kando ya shingo.

Usikubali kuchanjwa shingoni kwa wembe. Nyumbani, nunueni chumvi yenye iodi, ifunikeni isipate unyevu, na loweka muhogo mchungu siku 3 au zaidi.

Mama, fungua kitambaa, uje upimwe.