Protini za bakteria zafuatiliwa moja moja zikitembea

UNAPOMEZA kapsuli ya amoksilini kwa sababu ya kichomi au jino lenye usaha, dawa hiyo haimwagiki tu juu ya bakteria kama dawa ya mende. Inatafuta protini fulani chache zilizo kwenye utando wake, inazishika, na kazi ya protini hizo inakwama. Sisi madaktari tulifundishwa jambo hili kwa michoro ya ubaoni, protini zikiwa zimesimama wima kama vigingi vya ua. Yafaa ujue, msomaji, kwamba hazisimami hivyo.

Bakteria wengi wana utando mwembamba wa mafuta, na nje yake ukuta mgumu unaowazuia wasipasuke maji yanapoingia ndani. Protini zinazojenga ukuta huo hukaa utandoni. Amoksilini, kama ndugu yake penisilini iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, huzishika protini hizo. Ukuta hudhoofika na bakteria hupasuka. Chembe za mwili wako hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa haikupasui wewe. Virusi vya mafua pia havina, kwa hiyo ukimeza amoksilini kwa mafua umetupa pesa zako.

Mwaka 1972 Singer na Nicolson, wanasayansi wa Marekani, walieleza kwamba utando ni kitu cha majimaji ambamo protini huelea na kutembea. Kuiona protini moja ikitembea ndani ya bakteria aliye hai kulikuwa kazi nyingine kabisa. Bakteria wa tumboni aitwaye E. coli ana urefu wa karibu sehemu 2 za elfu moja za milimita. Ernst Abbe wa Ujerumani alikuwa ameonyesha mwaka 1873 kwamba vitu viwili vilivyokaribiana kuliko sehemu 1 ya 5,000 ya milimita, hadubini ya kawaida huviona kama kimoja. Protini ni ndogo kuliko hapo mara kadhaa.

Msaada ulitoka baharini. Kuna konyeza mmoja wa bahari ya Pasifiki mwenye protini inayong'aa kijani, ambayo Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba ukipandikiza jeni ya protini hiyo ndani ya E. coli, naye hung'aa. Kwa hiyo mtaalamu anaweza kuifunga taa hiyo kwenye protini anayoitaka.

Taa zikiwa nyingi, hata hivyo, huoni kitu. Simama vilima vya Ngong usiku utazame Nairobi: magari ya barabara nzima yanakuwa mstari mmoja wa mwanga. Lakini kama magari yote yangezima taa isipokuwa moja, ungeweza kulifuata hilo moja mpaka lifike kwake. Ndivyo wanavyofanya. Huacha taa chache tu ziwake kwa wakati mmoja, huzimulika kwa leza, na kamera hupiga picha nyingi kila sekunde. Kila taa huonekana kama doa lenye ukungu, lakini kompyuta hukadiria katikati ya doa, kisha huunganisha nukta za picha moja baada ya nyingine kuwa njia.

Maabara ya W. E. Moerner, katika Chuo Kikuu cha Stanford, ilichapisha kazi ya namna hii mwaka 2004 juu ya bakteria wa majini aitwaye Caulobacter. Protini waliyoifuata ilizurura huku na huko utandoni, ila ilipofika kwenye ncha ya bakteria ilikawia. Moerner alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2014.

Kwangu mimi lililo tamu zaidi ni la mwaka 2011. Watafiti wa Ulaya na Marekani walifuata protini iitwayo MreB katika bakteria wa udongoni mwenye umbo la fimbo. Waliikuta ikizunguka kiuno cha bakteria, kama fundi anayezunguka tangi akiongeza pete moja baada ya nyingine. Walipotia dawa zinazozuia ujenzi wa ukuta, mwendo ulisimama. Maana yake ni kwamba ujenzi wenyewe ndio unaoisukuma protini hiyo.

Unaona faida yake. Mtaalamu anayetafuta dawa mpya anaweza kutazama kama mafundi wamesimama, badala ya kungoja tu bakteria afe. Na dawa mpya twazihitaji. Mwaka 1961 Uingereza iliripoti bakteria wa majipu wasiosikia methisilini. Hao hutengeneza protini ya ujenzi ambayo dawa za jamii hiyo haziishiki vizuri. Mafundi wa zamani wakifungwa, huyu huendelea na kazi.

Usiende hospitali kesho kuomba protini zako zifuatiliwe. Hiki ni chombo cha watafiti. Kipimo chako ni cha kuotesha bakteria maabara na kuwajaribu kwa dawa mbalimbali. Kipimo hicho huharibika kwa urahisi: kama ulishapitia kemisti ukameza kapsuli nne za kubahatisha, bakteria huenda wasiote kabisa ingawa bado unaugua. Mwambie daktari ulimeza nini na lini, kabla mkojo au usaha haujachukuliwa. Kama ungali na pakiti, njoo nayo.