Maji Hayapandi Mlima Bure

Mwenye kuteka maji kisimani na kuyabeba kichwani ajua ya kuwa maji ni mzigo. Debe moja hulemea shingo. Mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ina uzito wa kilo 1,000. Mzigo huu ukipandishwa kwa mtambo huonekana kuwa mwepesi, kwa kuwa hakuna mtu anayetokwa na jasho. Lakini jasho lipo, nalo huandikwa katika hati ya umeme.

Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe wamezungukwa na maji, bali maji hayo ni ya chumvi. Maji matamu ya bomba huwajia kutoka mbali, nayo huja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mteremko. Bomba la chemchemi za Mzima, zilizoko Tsavo, lilimalizika mwaka 1957. Urefu wake ni kama kilomita 220, na maji husafiri katika njia hiyo ndefu mpaka Mombasa kwa kuteremka tu, bila kusukumwa na mashine. Maji ya Marere, katika milima ya Shimba, nayo hushuka vivyo hivyo.

Njia ya pili ni kuvuta kwa pampu. Maji ya Tiwi, yanayosaidia upande wa Likoni, hutolewa katika visima virefu. Maji ya Baricho, kando ya mto Sabaki, hutolewa visimani na kupandishwa kilimani kabla ya kuanza safari ya Malindi, Kilifi na Mombasa. Hapo ndipo penye taabu. Katika miaka ya karibuni umeme wa Baricho umekatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya deni, na mabomba ya watu walio mbali sana na mtambo huo yakakauka. Mama wa Kisauni anayenunua maji kwa mtungi siku kama hiyo hulipa deni ambalo hakulikopa.

Basi yafaa kuuliza: je, kila yuniti ya umeme hufanya kazi yake sawasawa? Hesabu yake si ngumu. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa kimo cha mita 100 kwahitaji kazi ya robo yuniti na zaidi kidogo. Lakini hakuna mtambo usiopoteza nguvu. Pampu na mota vikipoteza nusu, mita ile hula yuniti 0.54. Vikitengenezwa hata vipoteze asilimia 30 tu, hula yuniti 0.39. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Lakini kituo kipandishacho mita za ujazo 10,000 kwa siku kitaokoa zaidi ya yuniti 1,500 kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Nguvu hupotelea mahali pengi. Gurudumu la ndani ya pampu huliwa na mchanga. Mota kubwa mno hufungwa kwa kazi ndogo. Tena kuna desturi ya kupunguza maji kwa kufunga nusu ya koki huku mashine ikienda kasi ile ile. Hii ni sawa na dereva akanyagaye mafuta na breki kwa pamoja. Dawa yake ni kifaa cha kubadili mwendo wa mota. Mahali ambapo kizuizi kikubwa ni msuguano wa bomba, mwendo ukipunguzwa kwa moja ya tano, umeme unaotumika hushuka karibu nusu. Lakini penye kilima kirefu sharti kuwa na hadhari, kwa maana pampu ikipunguzwa mno maji hayatafika juu kabisa.

Kadhalika bomba lenyewe lina ushuru wake. Maji yale yale yakipitishwa katika bomba la upana wa nusu, msuguano huongezeka kwa mara 32 hivi. Na maji yavujayo njiani yamekwisha kulipiwa umeme. Kila tundu lililozibwa ni akiba ya maji na ya fedha pamoja.

Mkulima mwenye bustani ya mchicha na mashine ndogo ya petroli asidhani ya kuwa habari hizi ni za wakubwa tu. Mashine yake yafuata sheria zile zile. Na aiweke karibu na maji, kwa kuwa pampu ya juu ya ardhi haivuti vyema kutoka kina kinachozidi mita 7 hivi. Atumie mpira mpana, mfupi, wenye kona chache, na chujio aisafishe mara kwa mara. Amwagilie asubuhi na mapema au jioni, wakati jua halinyang'anyi maji. Akiweza kupata mipira ya matone, maji yatafika shinani bila kuhitaji msukumo mkubwa. Wala asivute kupita kiasi: katika visima vilivyo karibu na pwani, maji matamu yakiisha yale ya bahari huingia mahali pake, na shamba lililonyweshwa chumvi halirudi upesi.

Jambo la kwanza kwa wote, mwenye kituo na mwenye bustani, ni kupima. Andika katika daftari maji yaliyotoka, na umeme au mafuta yaliyotumika, kila juma. Siku ambayo maji ni yale yale na gharama imepanda, mashine inaomba fundi. Asikilizwe mapema yule fundi, kwa maana malipo yake ni madogo kuliko deni la umeme, na deni la umeme ni dogo kuliko kiu ya mji.