Sungura Waliposhindana na Wacheza Gofu

Huenda umeona watu wakipiga kimpira cheupe kwa fimbo ndefu. Mchezo huo ni gofu. Mchezaji hupiga kimpira mpaka kiingie katika shimo dogo, kisha huendea shimo la pili. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Uwanja mkongwe wenye sifa kubwa uko St Andrews, mji wa pwani katika nchi ya Scotland. Huko gofu iliwakolea watu mno, hata mfalme akaipiga marufuku mwaka 1457. Alitaka vijana wajifunze kutumia upinde na mishale.

Uwanja uko kati ya mji na bahari. Udongo wake ni mchanga mtupu. Kuna vilima, mabonde, vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, na mitego ya mchanga zaidi ya 100. Inasemekana mingine ilianza kama mashimo ya kondoo waliojikinga na upepo. Upepo wenyewe hugeuka. Aliyepiga vizuri asubuhi aweza kushindwa jioni mahali pale pale.

Ardhi hiyo ilikuwa ya watu wote wa mji. Hati ya mwaka 1552 ilitambua haki yao ya kuchezea na kulishia mifugo pale. Mwaka 1754 watu 22 waliunda chama cha gofu, lakini ardhi haikuwa mali ya chama.

Kisha yakaja matata. Mwaka 1797 halmashauri ya mji ilielemewa na madeni, ikauza ardhi. Haukupita muda, wafanyabiashara wakaanza kufuga sungura humo. Sisi mabwana shamba tunamjua sungura! Huzaa upesi, hutafuna nyasi, na huchimba bila kuchoka. Uwanja ukajaa mashimo yasiyo ya gofu. Watu wakapelekana mahakamani, na ugomvi ukadumu miaka kama 20. Mwaka 1821 James Cheape, mwenye shamba la jirani aliyependa gofu, aliinunua ardhi hiyo. Uwanja ukapona.

Katika miaka ya 1860 Tom Morris, mzaliwa wa mji huo, alipewa kazi ya kuutunza. Alitandaza mchanga juu ya nyasi mara kwa mara. Mchanga huziba vishimo na kupitisha maji ya mvua, nyasi zikachipua upya. Jumapili hapachezwi, uwanja upate kupumzika, isipokuwa kwenye mashindano makubwa. Siku hiyo wenyeji hutembea humo na mbwa wao.

Mwaka 1894 sheria iliuwezesha mji kuinunua tena ardhi yake. Tangu 1974 inatunzwa na bodi maalum. Chama kile cha 1754 kilikuwa cha wanaume peke yao hadi mwaka 2014, wanawake walipokubaliwa. Mpaka leo uwanja si wake. Wenyeji hulipa ada ya mwaka, nayo ni nafuu kuliko ya wageni.