Kipya kinyemi, ingawa kidonda

Juzi nilikatiza Posta na mshikaji wangu. Tulipofika Boma la Kale, barabara ya Sokoine, jamaa akacheka: "Hili gofu si livunjwe tu, lipandishwe ghorofa?"

Nikamwambia, mzee, "gofu" hilo lilijengwa 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid, kwa mawe ya matumbawe. Liliponea chupuchupu kubomolewa, na bado limesimama.

Je, lile jengo la ghorofa 16 la mtaa wa Indira Gandhi? Hata kwisha halijesha, likaporomoka Machi 29, 2013 na kuua watu 36.

Jamaa kimya.

Msomaji wangu, maghorofa siyakatai. Lakini tukivunja kila cha zamani, wajukuu tutawaonyesha nini? Vioo? Au vipi!