Kucha Zilizobonyea Kama Kijiko

Kukata kucha ni katika sunna za maumbile, na katika madrasa yetu hapa Singida desturi yangu ni kutazama mikono ya watoto kila Alhamisi. Nilikuwa nikitafuta uchafu tu. Siku moja nikaona jambo jingine kwa msichana wa miaka 14: kucha zake nyembamba, zimebonyea katikati na kingo zimeinuka, hata tone la maji likatulia juu yake lisimwagike.

Nyumbani walikwisha kusema ni jini. Mimi nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa nikimkemea kwa uvivu, maana alikuwa akisinzia darasani na kutafuna udongo kwa siri.

Mganga wa zahanati alimfunua kope, akaiona imepauka, akasema damu yake imepungukiwa na madini ya chuma. Chuma ndicho kiifanyacho damu iweze kuchukua hewa mwilini. Kikipungua kwa muda mrefu, ukucha huota dhaifu, ukabonyea. Na ile hamu ya udongo nayo ni dalili. Lakini wengi wenye upungufu wa damu kucha zao ni nzima kabisa. Uchunguzi wa Tanzania wa mwaka 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu huo.

Msichana aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi. Minyoo ya safura nayo huingia kwa nyayo zisizo na viatu, ikanyonya damu matumboni. Uwele na mtama wetu vina chuma, ila mwili hukipata kidogo, na chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia zaidi. Maini, nyama na dagaa hutoa chuma kilicho chepesi kuingia mwilini. Asiyeviweza akamulie limau kunde zake. (Kitoto kichanga huweza kuwa na kucha hizo, zikanyooka zenyewe.)

Akapewa vidonge vya chuma na dawa ya minyoo. Baada ya wiki mbili baba yake alinijia akilalamika kwamba kucha ni zile zile. Nikamweleza alivyosema mganga: ukucha wa mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi, hata kubadilika wote ni miezi sita hivi.

Mwezi wa tatu nilitazama tena. Nusu ya chini ilikuwa imetoka sawasawa, ya juu ingali imebonyea. Na siku hiyo alinisomea sura yake nzima bila kusinzia.