Wauaji Wanaoshindana: Filamu Dhaifu Inavyoweza Kumfaa Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Wanafunzi wetu hapa Uganda wengi wao wamekua wakitazama filamu za kigeni katika vibanda vya video, huku mtafsiri akiwaeleza kwa Kiluganda kinachotokea. Hivyo tunapowaomba watoe mfano wa hadithi, mara nyingi hutaja filamu kabla ya riwaya. Tatizo ni kwamba tukiwauliza kama filamu hiyo ni nzuri, jibu huwa moja: ni nzuri kwa sababu ina mapigano. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi filamu isiyofanikiwa inavyoweza kumfundisha mwanafunzi kutoa hukumu yenye ushahidi, na papo hapo kumpa mazoezi ya sarufi.

Tumechagua filamu ya Kimarekani iitwayo Assassins, iliyotoka mwaka 1995. Mwongozaji wake ni Richard Donner, aliyekwisha kupata sifa kwa Superman (1978) na Lethal Weapon (1987). Hadithi ilitungwa na ndugu wawili wa ukoo wa Wachowski, ambao mwaka 1999 walitoa The Matrix. Mswada wao uliandikwa upya na Brian Helgeland. Waigizaji wakuu ni Sylvester Stallone, Antonio Banderas na Julianne Moore. Kwa majina hayo, mtazamaji ana haki ya kutarajia makubwa.

Muhtasari

Robert Rath (Stallone) ni muuaji wa kukodiwa anayehesabiwa kuwa wa kwanza katika kazi hiyo, lakini amechoka na anataka kuiacha. Miguel Bain (Banderas) ni kijana anayeitaka nafasi hiyo. Mjini Seattle, Rath anakwenda makaburini kumuua mtu, bastola ameificha ndani ya plasta bandia ya mkono, Bain anamtangulia. Baadaye wote wawili wanatumwa kwa Electra (Moore), mwanamke mtaalamu wa kompyuta anayeuza diski yenye siri. Rath anakataa kumuua, na wanakimbia pamoja hadi San Juan, Puerto Rico. Huko inafichuka kwamba aliyekuwa akitoa kazi hizo ni Nicolai, muuaji ambaye Rath aliamini amemuua miaka mingi nyuma.

Kasoro iko wapi?

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi shindana kimetokana na shinda pamoja na kiambishi cha kutendana, -an-. Kauli hii hudai watendaji wawili, kila mmoja akimtendea mwenzake lile lile. Filamu inatuahidi kushindana, lakini je, tunakuona? Bain anaitaka nafasi ya kwanza. Rath haitaki tena. Anayekimbizana na asiyekimbia hakimbizani. Kwa sehemu kubwa ya hadithi sentensi sahihi si "Rath na Bain wanawindana" bali "Rath anawindwa na Bain". Kutoka kutendana tumeingia kutendwa, na mgogoro umepoteza nusu ya nguvu zake.

Kasoro ya pili ni diski. Watu wengi wanakufa kwa ajili yake, lakini mtazamaji hapewi sababu ya kuijali. Ya tatu ni Nicolai. Siri yake inafichuliwa mwishoni kabisa, na kwa kuwa tulikuwa hatujamjua kama mhusika, kurudi kwake kunatushangaza bila kutugusa. Ya nne ni urefu: filamu inazidi saa mbili, na matukio kadhaa yangeweza kuondolewa bila hadithi kudhurika.

Hata hivyo mhakiki hana budi kutenda haki. Kuna onyesho ambalo Rath anaendesha teksi na Bain ni abiria wake, kioo kisichopenya risasi kikiwatenganisha. Hapa wanazungumza, wanapimana, wanatishana. Angalieni vitenzi: -an- imerudi, na taharuki imerudi nayo. Vivyo hivyo, Bain anaposubiri kwa saa nyingi katika chumba chenye joto mkabala na benki, hakuna risasi inayolia, lakini mtazamaji hatulii. Taharuki hutokana na kusubiri kuliko kelele.

Mazoezi darasani

Kwanza, mwalimu achague vipande vichache visivyo na damu nyingi. Si lazima filamu yote itazamwe. Onyesho la teksi linatosha kuanzia.

Pili, wanafunzi wasimulie walichokiona kwa sentensi kumi, kisha wabadili kila kitenzi kinachowezekana kuwa kauli ya kutendwa na ya kutendana. Watagundua wenyewe kwamba ua huzaa uawa na uana, na kwamba si kila sentensi ya kutendana ni ya kweli kwa hadithi.

Tatu, wachambue msamiati. Wengi huchanganya kukodi na kukodisha: mpangaji hukodi, mwenye nyumba hukodisha. Ndiyo maana tunasema muuaji wa kukodiwa. Wasimwite mamluki, kwani huyo ni askari anayepigana vita kwa malipo.

Nne, kila mwanafunzi aandike aya moja akitaja tukio ambalo angeliondoa, na sababu. Mwalimu asikubali "halinivutii" bila maelezo.

Hitimisho

Wapo wenzetu watakaosema kwamba darasa la Kiswahili lina kazi ya kusoma vitabu vya Kiswahili, na hatuwapingi. Lakini mwanafunzi anayeogopa kusema kwamba filamu ya watu maarufu ni dhaifu, ataogopa zaidi kusema hivyo kuhusu riwaya iliyowekwa kwenye mtaala. Atakariri sifa alizoandikiwa na wengine, atafaulu mtihani, kisha ataenda kufundisha vivyo hivyo. Tukimzoesha kuuliza "nani anamtenda nani, na kwa nini?" mbele ya filamu anayoipenda, swali hilo ataondoka nalo hadi maktabani. Tunawakaribisha walimu wenzetu wayajaribu mazoezi haya na kutuletea matokeo.